Mpigahodi wa Winguni

Mpigahodi alianza kazi yake asubuhi, kama ilivyokuwa desturi kila kipupwe kilipoingia, na wafanyakazi wa Wingu wakaacha vikombe vyao vya chai wakaja kumtazama.

Hakuwa na mwili wa kutazamwa. Alikuwa fungu la maagizo tu, yaliyoandikwa kwa ustadi na kuachiwa yajiendeshe yenyewe. Lakini ukuta mzima wa chumba cha usimamizi ulikuwa umejaa taa ndogo kama mchele uliomwagika, na kila taa ilikuwa kanzidata moja, yaani ghala la habari zilizopangwa ili mashine iweze kuzichota haraka. Mpigahodi alipoifikia kanzidata, taa yake ilipepesa. Hapo alikuwa amebisha hodi na kuuliza maswali yake: Jina lako nani? Unakaa ukumbi gani? Uzito wako kiasi gani? Umefunguliwa lini mara ya mwisho? Mwenyewe ni nani? Kanzidata ikajibu, taa ikatulia, naye akahamia kwa jirani. Hakuingia ndani ya hata moja. Kilichokuwamo, kiwe siri ya ndoa au hesabu ya kiwanda, hakikumhusu. Kazi yake ilikuwa kuleta maelezo ya nyumba, si kufungua masanduku ya wenyewe.

Watoto wa Mbeya ya siku hizo walidhani Wingu liko juu, pamoja na mvua. Ukweli ni kwamba lilikuwa chini ya ardhi. Kumbi nne zilichimbwa ndani ya mlima ili zipozwe na maji ya baridi yanayotiririka humo, na kila ukumbi ulipewa jina la mto: Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Treni zisizo na dereva, mashamba yanayojinywesha, shule, mahakama, hata vyombo vilivyowekwa ndani ya miili ya wagonjwa, vyote vilichota habari zao humo. Mji uliishi juu ya kumbi hizo kama mti unavyoishi juu ya mizizi, bila kuiangalia.

Aliyemtunga Mpigahodi alikuwa mhandisi Atuganile, mwanamke mrefu, mpole wa maneno, mwenye mimba ya miezi mitano iliyokwisha kuanza kumtangulia mlangoni. Alisimama nyuma ya wenzake na kuitazama kazi ya akili yake ikitembea ukutani. Juu ya meza yake ilisimama ngao ya kioo aliyotunukiwa mwaka uliopita.

"Mtazameni mama," alisema Bwana Haroub, mkuu wa kumbi. Alikuwa Mpemba ambaye baridi ya Mbeya ilikuwa imemshinda tangu siku ya kwanza, akivaa makoti mawili hata mchana. "Anamwangalia Mpigahodi kuliko atakavyomwangalia huyo aliye tumboni."

"Huyu wa tumboni bado hajaniletea ngao, Bwana Mkuu."

Watu wakacheka.

Ngao ilikuwa na sababu yake. Kumbi zilikuwa zimejaa hadi mlangoni, na kupanua mlima si jambo la wiki moja. Ndipo Atuganile akatunga mashine mbili zinazofuatana. Mpigahodi alitangulia kukusanya maelezo. Mfyekaji akafuata, naye hakuuliza kitu. Alipokea majibu ya Mpigahodi na kufuta kila kanzidata iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe. Kanuni ya kuamua ilikuwa fupi, na Atuganile ndiye aliyeiandika: kanzidata ambayo jina la mwenyewe halimo katika daftari la raia, na ambayo haikufunguliwa msimu mzima, ni gofu. Gofu hufungwa asubuhi ile ile, na alasiri hufyekwa. Mwaka uliopita kanuni hiyo iliokoa nusu ya ukumbi wa Kiwira, na hospitali ya watoto ikapata mahali pa kuweka kanzidata zake.

Kabla ya adhuhuri taa zilizohukumiwa zikageuka kuwa za manjano. Zilikuwa nyingi, zimetawanyika kila ukumbi. Atuganile alikuwa anaketi ale mkate wake kifaa cha sikioni kilipolia.

"Mama," ilisema sauti ya Mjumbe, "Baba ana homa."

Mjumbe alikuwa mashine ya nyumbani kwake, chombo chenye magurudumu, kimo cha kigoda, chenye sinia kichwani na sauti ya kijana mwenye adabu.

"Tangu lini?"

"Tangu alfajiri. Alinikataza kusema. Alisema homa ni mgeni, itakula na kuondoka."

"Na sasa mbona umesema?"

"Kwa sababu moyo wake umebisha Winguni mara tatu, mama. Haukufunguliwa."

Mkate ukabaki mkononi.

Baba aliyetajwa hapo alikuwa baba mkwe wa Atuganile, mzazi wa mumewe Gwakisa. Miaka miwili nyuma moyo wake wa kuzaliwa ulichoka, madaktari wakamwekea moyo-pampu. Hiki kilikuwa chombo kidogo cha madini, chenye akili yake, lakini akili ndogo kwa sababu nafasi kifuani ni ndogo. Kilijua mwendo mmoja tu kwa kichwa: mwendo wa mtu aliyetulia. Mwendo wa mtu mwenye homa, wa mtu anayepanda mlima, wa mtu aliyeshtuka, yote hiyo ilikuwa imehifadhiwa katika kanzidata yake, imepimwa kwa mwili wake yeye na si wa mwingine. Mwili ukibadilika, moyo-pampu hubisha Winguni na kuuliza: nipige vipi? Mzee alikuwa mtu wa afya na wa kukaa. Tangu masika moyo wake haukuwa na sababu ya kuuliza.

Atuganile aliacha mkate akamwita Mpigahodi. Agizo la kuleta maelezo ya kanzidata moja ni jepesi: unampa namba yake, naye anakwenda na kurudi kabla hujapumua. Alirudi na maneno haya:

Kazi: moyo-pampu. Ukumbi: Mbaka. Hali: imefungwa. Kufunguliwa mara ya mwisho: masika. Mwenyewe: Baba. Uamuzi: gofu. Kufyekwa: leo alasiri.

Aliyasoma na kuyarudia. Macho yake yakakwama kwenye neno moja. Mwenyewe: Baba. Mkono ulioliandika neno hilo ulikuwa wake.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima isemwe habari ya adabu ya watu wake. Kwa Wanyakyusa wa zamani mke na baba mkwe hawakutazamana. Walipokutana njiani mke alijitupa kichakani. Jina la baba mkwe halikupita mdomoni mwake mpaka kufa. Miji ilikuja, lami ikaja, mashine zikaja, na mengi yakalegea. Atuganile na mkwewe waliishi nyumba moja, jambo ambalo bibi yake angelilia. Lakini kati ya chumba cha mzee na sebule palikuwa na pazia zito, na maneno yote yalipita kwa Mjumbe. "Mama, Baba anauliza kama mvua itanyesha." "Mwambie Baba itanyesha." "Mama, Baba anasema mashine zenu zilisema hivyo jana na mahindi yakaungua." Kwa njia hiyo walikuwa wamezoeana, hata kupendana. Atuganile alipompelekea chakula aliweka sinia mbele ya pazia na kugonga kifuniko cha bakuli kwa pete yake, mara moja, halafu mara mbili za haraka. Kisha alirudi jikoni, mzee akatoka akachukua. Mlio huo ndio uliokuwa salamu yao.

Na jina hakulitaja. Siku ya kuandikisha moyo-pampu Gwakisa alikuwa kazini kwenye kituo cha angani, kama alivyo sasa, upande wa pili wa mwezi ambako sauti haifiki. Atuganile alijaza maelezo peke yake. Alipofika kwenye swali la mwenyewe, vidole vilisita. Akaandika alivyozoea kumwita, akapita. Nani angeuliza?

Aliyeuliza alikuwa Mpigahodi wake mwenyewe.

Alikwenda kwa Bwana Haroub mbio, kwa kadiri tumbo lilivyomruhusu, akamweleza.

"Basi badilisha," alisema Haroub.

"Siwezi. Unajua siwezi."

Alijua. Sheria ya Wingu ilimruhusu mhandisi kuleta maelezo ya kanzidata yoyote, lakini haikumruhusu kugusa hata herufi moja ya maelezo hayo, kwa sababu zamani wahandisi waliwahi kuuza nyumba za watu kwa kubadilisha jina. Aliyeandika ndiye husahihisha, naye husahihisha kama raia, ndani ya kibanda cha kauli, kwa kulitamka jina kamili la mwenyewe kwa sauti. Kisha mwenyewe husikilizishwa sauti hiyo huko aliko na kukubali.

"Kibanda kiko hapo chini," Haroub alisema. "Nenda ukataje jina la mzee, urudi umalizie mkate wako."

Atuganile hakusogea.

"Unangoja nini, dada?"

"Sijawahi kulitaja."

"Hujawahi kutaja jina la mkweo?"

"Sijawahi hata kulisema moyoni."

Haroub alitaka kucheka, akauona uso wake, akaacha. "Kwetu mkwe tunamwita kwa jina na tunamwazima baiskeli," alisema taratibu. "Lakini kila bahari ina samaki wake. Sasa niambie, dada yangu. Mfyekaji ameshaanza Songwe. Mimi siwezi kumsimamisha kwa ajili ya mtu mmoja. Nikimsimamisha bila ushahidi, hospitali inayongoja nafasi hizo itanipeleka mahakamani, na ni haki yao. Utafanyaje?"

Ukutani, kwenye eneo la Songwe, taa za manjano zilikuwa zikizimika moja baada ya nyingine, bila haraka, kama mtu anayechuma maharage.

"Moyo wake unafanya nini sasa?" Atuganile alimwuliza Mjumbe njiani.

"Unapiga mwendo wa kutulia, mama. Mwili unawaka na moyo umetulia. Midomo yake imeanza kuwa na rangi ya majivu. Nimeita gari la wagonjwa, wamesema dawa ya homa wanayo, lakini mwendo wa moyo hawana."

Kibanda cha kauli kilikuwa chumba cha kusimama mtu mmoja, kina ukanda laini wa kuvaa shingoni. Ukanda huo ulisoma mtikisiko wa koo ili sauti ya kuigwa isipite. Atuganile aliufunga. Kibanda kikamsalimu, kikamwuliza anasahihisha nini. Akajibu. Kikasema, "Tamka jina kamili la mwenyewe."

Akafungua mdomo.

Alikuwa mwanamke aliyesoma. Alijua homa ni nini na mimba ni nini, na alijua kwamba kati ya jina la mzee na mtoto aliye tumboni hakuna waya wala mshipa. Lakini mimba yake ya kwanza ilikuwa imetoka, na shangazi yake, akimkanda mgongo siku ile, alimwuliza kwa kunong'ona: "Hukumtaja? Kumbuka vizuri. Ulimi ukimtaja baba mkwe, tumbo halishiki." Hakuwa amemtaja. Lakini tangu siku ile neno hilo lilikaa ndani yake kama mwiba uliozibwa na ngozi. Hauumi mpaka uguswe.

"Tamka jina kamili la mwenyewe," kibanda kikarudia.

"Ni..." Akajaribu tena. Ulimi ulilala kama umefungwa kamba. Alipotazama kupitia kioo cha mlango aliona ukuta wa taa kwa mbali. Songwe ilikuwa imekwisha. Kiwira ilikuwa inamegeka.

"Mama," alisema Mjumbe, "Baba ameniuliza kama umekula."

Atuganile aliweka mkono juu ya tumbo. Kisha akalisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, kama mtu anayerusha jiwe zito asije akabadili nia.

"Asangalwisye Mwalukasa!"

Mbingu haikuanguka. Ukanda wa shingoni ukatoa mlio mdogo wa kukubali.

"Kauli imepokewa," kibanda kilisema. "Sasa mwenyewe atasikilizishwa na kuulizwa. Kwa sheria, mashine ya nyumbani imenyamazishwa. Mashine haishuhudii."

Hilo alikuwa amelisahau. Sasa kati yake na mzee hapakuwa na Mjumbe wala pazia. Alisikia kwanza pumzi nzito, kavu, kisha sauti yake mwenyewe ikirudiwa huko chumbani: Asangalwisye Mwalukasa. Kisha swali: "Je, huyu aliyekutaja ni mtu wa nyumba yako, na anasema kwa idhini yako?"



"Siye," alisema mzee.



"Mwenyewe amekataa," kibanda kilisema. "Ana nafasi ya kuthibitisha kukataa kwake."

"Baba!" Atuganile alilia. "Baba, ni mimi! Mama wa nyumba! Mkweo!"

"Ahaa." Sauti ya mzee ilikuwa dhaifu lakini ilikuwa na makali. "Na sauti umeiba vizuri, kijana. Hata kilio umekiweka. Mnaiba sauti za watu mchukue nyumba zao, tumeshasikia habari zenu. Lakini hapa umekosea pakubwa. Mkwe wangu ana adabu. Hajawahi kunisemesha mdomo kwa mdomo, na jina langu hawezi kulitaja hata ukimchoma moto. Nenda kamdanganye bibi yako."

"Baba, moyo wako umefungiwa, tafadhali..."

"Anajua na habari za moyo wangu! Mwizi msomi." Akakohoa kikohozi kirefu kilichommaliza pumzi. "Mkwe wangu yuko kazini. Akirudi nitamwambia ulivyomwiga."

Hapo Atuganile aliona shimo alilotumbukia. Kila neno ambalo angemwambia lingekuwa ushahidi kwamba si yeye. Kadiri alivyosema zaidi ndivyo alivyozidi kuwa mwizi. Heshima ile ile aliyoilinda miaka yote sasa ilikuwa inamnyonga mzee, na mzee aliishika kwa mikono miwili kwa sababu ilikuwa heshima ya mkwe wake.

Kwenye ukuta, taa za Kiwira zilikuwa zimekwisha. Ya kwanza ya Mbaka ikazimika.

"Mwenyewe," kibanda kiliita, "unathibitisha kukataa?"

Atuganile alifunga mdomo. Alitazama huku na huku akitafuta chuma. Pembeni mwa mlango palikuwa na kitasa cha bati, cha mviringo, chenye mlio wa wazi. Akainua mkono wenye pete.

Ko.

Akanyamaza kidogo.

Ko-ko.

Pumzi ya upande wa pili ikasita.

"Mwenyewe, unathibitisha..."

"Nyamaza wewe," mzee alikiambia kibanda.

Atuganile akagonga tena. Mara moja, kisha mara mbili za haraka, kama anavyogonga kifuniko cha bakuli kila siku mbele ya pazia.

Ikatoka sauti ambayo mwanzo aliidhani ni kikohozi. Mzee alikuwa anacheka.

"Ndizi au maharage?" aliuliza.

Machozi yakamtiririka Atuganile. Hakujua kama imempasa kujibu. Akajibu. "Ndizi na maharage, Baba."

"Basi ndiye. Wewe kibanda, andika kwamba ndiye. Mtu wa nyumba yangu, kwa idhini yangu." Akavuta pumzi. "Na ukimaliza kuandika ufunge hiyo njia haraka. Tusije tukazoea."

Kibanda kikatoa mlio wa pili. Atuganile aliuvua ukanda akatoka mbio, akamwita Mpigahodi akiwa bado anahema. Agizo lile lile, namba ile ile. Majibu yakaja: Ukumbi: Mbaka. Hali: wazi. Mwenyewe: Asangalwisye Mwalukasa. Kufunguliwa mara ya mwisho: sasa hivi.

"Mama," Mjumbe alisema, sauti yake imerudi, "moyo umesoma. Unapiga haraka. Midomo inapata damu. Baba anasema nimwambie mkwe wake kwamba leo mchana alimwota, ila hataki kusema aliota nini."

Haroub alikuwa amesimama nyuma yake, makoti yake mawili wazi. Alikuwa amesikiliza yote. Aliutazama ukuta, ambako Mfyekaji alikuwa akiendelea kuchuma taa za Mbaka, moja moja.

"Atuganile," alisema, "wewe ndiye mwanamke pekee mwenye mkwe hapa Mbeya?"

Hakuelewa mara moja. Alipoelewa, aliketi mezani pake. Kisha akampa Mpigahodi agizo jipya. Hakumpa namba. Alimwambia: niletee maelezo ya magofu yote ya leo ambayo kazi yake ni mwili wa mtu, uyapange kwa jina la mwenyewe.

Majibu yakateremka mbele yao. Mwenyewe: Baba. Mwenyewe: Mzee. Mwenyewe: Baba wa nyumba. Mwenyewe: Yule wa chumba cha uani. Mwenyewe: Babu wa watoto. Mwenyewe: Mwenye fimbo. Ziliendelea kushuka, figo, mapafu, macho, mioyo. Katika kila mstari Atuganile aliwaona wanawake wenzake, vidole vimesita, wameandika walivyoweza na kupita.

Haroub hakusoma hadi mwisho. Alikwenda kwenye meza yake, akavunja kifuniko cha kioo kwa kiwiko na kuuteremsha wenzo mwekundu wa kusimamisha mashine. Ukutani Mfyekaji akasimama katikati ya Mbaka.

"Hospitali itangoja," alisema. "Nitakwenda mahakamani na orodha hii mkononi. Sasa tafuta wenyewe mmoja mmoja. Wale ambao Songwe na Kiwira zimewapitia leo, tuwapelekee madaktari majumbani kabla baridi haijawaletea mafua."

Atuganile alitikisa kichwa kukubali, lakini hakuwa anasikiliza vizuri. Macho yake yalikuwa yamehamia kwenye ngao ya kioo.

Kuna jambo moja kuhusu Mpigahodi ambalo watu wengi hawakulijua. Kanzidata ikifyekwa, kilichomo huteketea na hakirudi. Lakini maelezo yake hubaki, kama nguzo ya mlango wa nyumba iliyobomolewa, na Mpigahodi hubisha hata hapo. Atuganile akamtuma kwenye magofu ya mwaka uliopita. Hakuhitaji kusoma mbali.

Kazi: moyo-pampu. Ukumbi: Kiwira. Hali: imefyekwa. Mwenyewe: Babu yake Ipyana.

Mama Ipyana alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Mkwewe alifariki kipupwe kilichopita, wiki chache baada ya ufyekaji, kwa homa ndogo ya mafua. Atuganile alikuwa amekwenda kwenye msiba huo. Alikoroga vyungu, alikesha na wafiwa, akamwambia Mama Ipyana maneno ambayo watu huambiana: uzee hauna dawa, shoga yangu. Naye Mama Ipyana akamsimulia kitu kimoja kilichomshangaza, kwamba mzee alikuwa anawaka kama jiko, lakini ukiweka sikio kifuani, moyo ulikuwa unapiga taratibu, kwa utulivu, mpaka mwisho. Wote wawili waliona ni neema ya Mungu.

"Hukujua," alisema Haroub, ambaye alikuwa amesoma juu ya bega lake.

"Kanuni hii angeitunga mtu wa Pemba, ningesema hakujua." Atuganile alisimama. "Mimi niliandika 'Baba' kwa mkono huu. Halafu kwa mkono huu huu nikaandika kwamba asiye na jina hana mwenyewe."



Atuganile alifanya kazi hadi jioni, akipiga simu nyumba baada ya nyumba. Kisha akaondoka. Ngao aliiacha mezani, imelazwa kifudifudi. Ndani ya treni mtoto alijigeuza tumboni, mara moja, kwa nguvu, naye akamshika hapo kwa kiganja mpaka kituo chake kilipofika.

Kwake hakuingia. Alisimama kwenye kibaraza cha jirani, mahali ambapo siku zote aliita kwa sauti tangu kwenye uzio na kupita moja kwa moja hadi jikoni. Ndani alisikia maji yakimiminwa sufuriani, na Ipyana akibishana na dada yake juu ya nani aanze kuoga. Aliinua mkono, akaushusha. Akauinua tena.

"Hodi," alisema.

"Nani mwenzangu?" sauti ya Mama Ipyana iliuliza kutoka ndani.

Lilikuwa swali lile lile la Mpigahodi. Ulimi wa Atuganile ukasita kama ndani ya kibanda, na safari hii jina lililokuwa zito lilikuwa lake.

"Atuganile," alisema. "Mhandisi wa Wingu."

Jirani alicheka huko ndani, akashangaa utani gani huu wa kujitambulisha kwa cheo kwa shoga yake. Nyayo zikaja mbio mlangoni, na kabla komeo halijavutwa, kwa furaha ya mtu ambaye bado hajaambiwa, sauti ikasema, "Karibu! Karibu ndani, mama, mbona umesimama nje kama mgeni?"